Mtu Mzima Anaweza Kuondoka

Hotuba niliyoitoa kwa wawezeshaji wapya wa madarasa ya kisomo, yaani ya kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Mvua iliwazuia wengi njiani, nao wameomba niiandike yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu maofisa wa elimu ya watu wazima, wenyeviti na watendaji wa vijiji, wazee wetu, nanyi wawezeshaji mnaoanza kazi wiki ijayo: itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni. Vijana hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfundisha mtu mzima. Ninalo jambo moja tu, nalo nitalirudia mpaka mlichoke. Mtoto hupelekwa shule. Asipokwenda, mzazi wake ataitwa ofisini kwa mtendaji. Mtu mzima hapelekwi na yeyote. Anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, jioni, baada ya shamba au soko, na siku akiona hapati kitu anaondoka. Haagi wala haandiki barua. Leo mna watu thelathini, baada ya mavuno mna kumi na wawili, na mwezi unaofuata anabaki mwezeshaji na ubao wake.

Mtu mzima anaweza kuondoka. Kwa hiyo kila mbinu mliyofundishwa kwenye semina hii, na kila mbinu mtakayoibuni wenyewe, ipimeni kwa swali hili: kwa nilichomfanyia leo, kesho atarudi?

Tumelelewa na methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Nawaomba msiingie nayo darasani. Huyu mnayekwenda kumfundisha alishajifunza kulima, kuvua, kulea, kusuluhisha ndugu na kuhesabu miezi ya njaa. Kujifunza anakujua vizuri. Herufi tu ndizo hazijamfikia.

Sasa, huyu mtu amekuja kutafuta nini?

Kanda hii ina historia kubwa katika swali hilo, na inaniuma kuona vijana wengi hamjaisikia. Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere akiwasilisha mpango wa kwanza wa miaka mitano, alisema tuanze na watu wazima, kwa sababu mchango wa watoto katika uchumi hautaonekana kabla ya miaka mitano, kumi, hata ishirini. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 akautangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Lakini huku kwetu kazi ilishaanza. Mwaka 1968 ulifunguliwa mradi wa majaribio wa kisomo wa serikali na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, makao yake hapahapa Mwanza, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo tunaiita Kagera.

Watunzi wa vitabu vya mradi ule walifanya nini? Hawakumpa mtu mzima kitabu cha darasa la kwanza. Mkulima wa pamba walimwandikia kitabu cha pamba. Mvuvi walimwandikia cha uvuvi. Wa migombani walimwandikia cha migomba. Mtu alijifunza kusoma huku akisoma kuhusu kazi atakayoamkia kesho asubuhi. Ndicho tunachokiita mpaka leo kisomo chenye manufaa.

Na huko Brazili, mwaka 1963, katika mji wa Angicos, mwalimu wa watu wazima Paulo Freire na wenzake waliwafundisha kusoma wafanyakazi wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi. Freire alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee wetu wa fani hii walizungumza naye. Yeye alikuwa akitafuta maneno mazito katika maisha ya watu, neno kama tofali kwa mtu anayejenga. Kwanza watu wanalijadili: nani anafyatua matofali, nani anaishi kwenye nyumba ya matofali, nani haishi humo na kwa nini. Wakishalijadili ndipo wanalikata silabi. Mimi naamini Kiswahili kinaipokea njia hii vizuri ajabu, kwa sababu tunaandika kama tunavyotamka na silabi zetu nyingi zinaishia na irabu.

Chukueni neno pesa. Msiliandike bado. Waulizeni: nani ametumiwa pesa kwenye simu mwezi huu? Nani alimpa kijana wa kibandani simu amsomee ujumbe? Nani amewahi kumtajia mtu namba ya siri? Hapo mtasikia darasa linavyochangamka, kwa kuwa hakosekani aliyepunjwa. Wakishasema ya moyoni, andikeni: pesa. Pa, pe, pi, po, pu. Sa, se, si, so, su. Halafu waacheni wajitafutie. Pasi. Supu. Sisi. Sasa. Posa. Jioni moja, neno moja, na mtu mzima ametunga maneno mengine matano kwa akili yake mwenyewe.

Nilikuwa na mzee mmoja mvuvi ambaye kila nikifungua kitabu aliangalia nje. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, hicho kitanisomea meseji?" Mwanawe alikuwa akimtumia fedha kutoka Dar es Salaam, na kila mara mzee alipokea pungufu bila kujua aanze kumuuliza nani. Tulikiweka kitabu kando. Tukafundishana tarakimu, kisha neno "umepokea", kisha jina la mwanawe. Siku aliyousoma ujumbe wote mwenyewe, alikwenda kwa wakala, akaweka namba yake ya siri kwa kidole chake, akahesabu noti zake, akarudi darasani mapema kuliko wenzake wote. Kitabu tulikifungua tena baada ya hapo, na hakuangalia nje.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya herufi yoyote, muulizeni kila mmoja amekuja kwa ajili ya nini, na jibu liandikwe mbele ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Mtasikia: nataka kusaini, nimechoka kutia dole gumba. Nataka kusoma mizani ya pamba pale AMCOS, kwenye chama chetu cha ushirika cha wakulima. Nataka kusoma Biblia. Nataka kuelewa daftari la kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, maana nimewekwa mweka hazina na ninaogopa. Nataka kukagua daftari la mjukuu. Hayo ndiyo mtaala wenu. Mtaala wa wizara mtaufikia, lakini mtaupitia mlango huo.

Wengi mnamfahamu Kimani Maruge wa Kenya. Elimu ya msingi ilipofanywa bure kule mwaka 2003, yeye mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaenda kuandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe. Watu walipinga, yeye akakaa. Mwaka 2005 alikwenda mpaka New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya msingi. Kila tunapomtaja tunapiga makofi, na anastahili. Lakini nawauliza: ni wangapi wa umri wake walipita nje ya uzio wa shule, wakawaona watoto, wakaona aibu, wakarudi nyumbani? Hatuwezi kujenga elimu ya watu wazima kwa kutegemea ujasiri wa mtu mmoja kati ya maelfu. Kazi yetu ni kuondoa aibu ili hata mwoga aingie.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwenye heshima.

Nani anamwamkia nani darasani? Nimetembelea madarasa ambako kijana wa miaka ishirini na mitatu anaingia, na akina mama wa umri wa mama yake mzazi wanasimama wote kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Naye anajibu marahaba. Jamani! Huyo mama akikutana nawe kisimani utamwamkiaje? Utamwamkia shikamoo. Basi na darasani mwamkie shikamoo. Ingia mapema, zunguka, msalimie mmoja mmoja, muulize za nyumbani na za mgonjwa. Mkao nao, tafadhali, uwe duara au nusu duara. Madawati ya mistari yanamkumbusha shule iliyomfukuza au ile ambayo hakuwahi kuiona.

Usimwite mtu ubaoni siku za mwanzo. Usimwite mbele ya mkwewe, wala mbele ya mtoto wake. Mpe kazi na jirani yake, wawili wawili, wakosee kwa sauti ndogo. Akisoma vibaya, soma wewe sentensi hiyo vizuri, kisha muisome pamoja, bila kutangaza kosa. Sijawahi kumsikia mtu mzima aliyeacha darasa akisema ni kwa sababu herufi ni ngumu. Watasema wana msiba, wana mgeni, shamba limewabana. Ukifuatilia vizuri mara nyingi unakuta siku moja walichekwa.

Na fimbo ya maneno ni fimbo. "Wewe mama mbona mgumu hivyo?" Neno hilo moja linatosha kumtoa mtu darasani maisha yake yote.

Nije kwenye jambo ambalo naona semina zetu hulipita haraka mno. Mnayemfundisha anajua. Mwaka 1976, Mwalimu Nyerere akizungumza na mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima Dar es Salaam, alieleza kwamba kila mtu mzima tayari anajua kitu kuhusu jambo analotaka kujifunza, hata kama mwenyewe hajitambui kuwa anajua. Na kwamba mwalimu wa watu wazima ni kiongozi wa njia ambayo wote wataipita pamoja.

Kuna mama mmoja wa dagaa, utotoni hakupelekwa shule. Anasimama mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, alfajiri, ananunua ndoo kwa shilingi elfu thelathini, nauli elfu mbili, anafika sokoni anapima sado tano, yaani makopo matano ya kupimia, kila sado elfu nane. Muulize faida. Kabla hujatoa kalamu ameshajibu: elfu nane. Sasa huyo huyo mama alikaa darasani, mwezeshaji akaandika ubaoni arobaini elfu toa thelathini na mbili elfu, akaanza kumwambia sifuri toa mbili haiwezekani, azima kwa jirani, jirani abaki na tatu. Mama akashindwa kabisa. Darasa zima likaona ameshindwa. Mwanamke anayelisha watu saba kwa kutoa na kujumlisha!

Mwenzake mwingine, mwezeshaji mwenye busara, alimuuliza swali ambalo nataka mlibebe: "Mama, wewe huwa unafanyaje?" Akasema, "Natoka thelathini na mbili, napanda mpaka arobaini. Ni nane." Anahesabu kwa kupanda. Ni njia sahihi, tena haina kuazima. Yule mwezeshaji akaiandika ubaoni kama ilivyotoka kinywani mwake: 32 mpaka 40 ni 8. Siku hiyo mama alijifunza alama za kuandikia kitu anachokijua. Ile ya kuazima aliipata baadaye, akaiona kama njia nyingine tu ya kufika palepale.

"Mama, wewe huwa unafanyaje?" "Mzee, wewe huwa unafanyaje?" Ulizeni hivyo kila siku. Nyamazeni. Sikilizeni. Kisha andikeni alichosema.

Na akishindwa kukieleza kwa Kiswahili, akieleze kwa Kisukuma au Kikerewe. Majadiliano yafanyike kwa lugha inayomtoka, maandishi yaje kwa Kiswahili. Hakuna sheria ya kumnyima mtu mawazo yake kwa sababu ya lugha.

Mnakumbuka, au wazee mnakumbuka, kampeni ya redio ya mwaka 1973, Mtu ni Afya? Wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima kwa wiki kumi na mbili. Walisikiliza redio pamoja, mmoja akawasomea kijitabu, kisha wakajadili. Haikuishia kwenye kujadili. Kikundi kiliulizana: sisi wa hapa tutafanya nini? Wakaenda wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi ya mbu, wakakata nyasi. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hapakuwa na mtihani. Shimo lililochimbwa ndilo lilikuwa jibu. Mtu mzima akiona alichojadili Jumanne kimebadilisha ua wake Jumamosi, Jumanne ijayo yupo.

Sasa macho. Nawaomba sana mnisikilize kwenye macho.

Kuanzia miaka arobaini hivi, jicho la binadamu hupoteza uwezo wa kuona vizuri kitu kilicho karibu. Ni kawaida ya mwili, haimwachi mtu. Mwanafunzi wako wa miaka hamsini anaona mtumbwi ulio mbali ziwani, anaona maandishi ya ubaoni, lakini ukimpa kitabu herufi zinamchezea. Hajui kwamba ni macho. Anadhani ni akili. Fundi viatu mmoja aliniambia, "Mwalimu, kichwa changu kimeshazeeka, niache." Nikampa sindano na uzi. Akausogeza mbali, mkono wote ukanyooka, uzi haukuingia. Akaniambia siku hizi huwa anatungiwa na mwanawe. Alipopata miwani ya kusomea, ile ya kawaida ya kukuza maandishi, alisoma ukurasa ambao wiki iliyopita ulimshinda.

Nchini India, katika mashamba ya chai ya Assam, watafiti waliwapa miwani ya karibu wachumaji wa miaka arobaini na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliopewa miwani waliongeza uchumaji kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hao ni watu wanaochuma majani. Itakuwaje kwa anayesoma nukta na irabu? Basi kila anayeandikishwa, mpeni sindano na uzi. Asiyeweza kutunga, apelekwe zahanati kwa ushauri kabla hajaanza kitabu. Ndugu Mgeni Rasmi, kwenye bajeti ya chaki, naomba paandikwe pia miwani.

Ratiba nayo. Darasa la mwaloni haliwezi kufuata kalenda ya ofisini. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Hao wafundisheni sana mwezi ukiwa mpevu, na giza likirudi wapunguzieni. Kwa wa pamba, angalieni palizi na mavuno. Na akina mama wenye watoto wachanga, tafuteni binti mmoja wa kuwashika watoto nje ya darasa. Nisiseme mengi hapo, mnayaishi.

La mwisho ni gumu, na ndilo lililotuangusha kama taifa.

Mtu anayesoma silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Anatamka yote, haelewi lolote. Huyo hajajua kusoma bado, hata kama amepewa cheti. Anahitaji kasi, na kasi huja kwa kurudia. Kila siku dakika kumi, ukurasa uleule, kwa pamoja, kisha wawili wawili, kisha peke yake. Mwandikieni kwa herufi kubwa kitu ambacho tayari amekihifadhi kichwani: ubeti wa wimbo wa kwaya, kasida, wimbo wa kupalilia. Mdomo unajua neno linalofuata, jicho linajifunza kulifuata. Nimeona watu wakivuka hapo kwa wimbo mmoja.

Baada ya hapo awe na cha kusoma. Mwishoni mwa miaka ya sitini, theluthi mbili ya watu wazima wetu hawakujua kusoma. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ukaonyesha wamepungua hadi asilimia 39. Mwaka 1986, asilimia 9.6. Dunia ilitupongeza. Halafu? Idadi ikapanda tena. Sababu ni nyingi, uchumi wa miaka ya themanini unaujua kila aliyeuishi, lakini moja tunaijua sisi tulio madarasani: karatasi ziliisha. Kanda hii ilikuwa na gazeti lake la vijijini tangu mwaka 1974, Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka tu kwenye kisomo. Kulikuwa na maktaba za vijiji. Magazeti yale yalipokosekana na maktaba zikafungwa, watu waliojifunza kusoma kwa jasho wakarudi kutia dole gumba. Walituamini wakaja. Tukawaacha bila ukurasa wa kusoma.

Ndiyo maana nimeomba wenyeviti na watendaji mkae mbele leo. Gazeti sina. Lakini nyinyi kila baada ya miezi mitatu mnatoa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Iandikeni kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili cha kawaida, muibandike mahali watu wanapopita: mashineni, kisimani, mwaloni, si ndani ya ofisi iliyofungwa. Bei ya pamba, ibandikeni. Siku ya kliniki ya watoto, ibandikeni. Zamu ya maji, ibandikeni. Wawezeshaji watawaleta wanafunzi wao kila wiki wasimame pale wasome. Hawatasoma kwa mazoezi tu. Watauliza fedha ya zahanati imekwenda wapi, nanyi mtawajibu, nao watarudi wiki inayofuata kusoma tena.

Karatasi kubwa na kalamu za wino mzito ninazo hapa, boksi mbili, zinatosha kila kijiji kuanza robo hii. Wenyeviti, kabla hatujaenda kula, naomba kila mmoja asimame ataje mahali atakapobandika. Tuanze na wa upande huu wa dirisha. Karibu, Mwenyekiti.